Mkandikaji na Mlango wa Mvule

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa anamtukana kapita, na kapita mwenyewe alikuwa ndani ya udongo hadi magotini.

Mimi nilikuwa bi harusi wa siku tatu. Nilikuwa nimevuka mto kutoka Kindu kwa mtumbwi wa Wagenya, wavuvi wa mto, nikatembea nusu siku kumfuata mume, kichwani sanduku la bati na majivuno yote ya mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa fundi wa shemendefere. Sisi tulizaliwa tukisikia filimbi ya treni. Kijijini nilitegemea kukuta adabu, kama si kingine. Kapita ndiye aliyekuwa mkubwa wetu mbele ya Leta, yaani serikali ya Wabelgiji. Ndiye aliyevaa kofia, ndiye aliyeita watu kwenye kazi ya barabara. Na huyo hapo, suruali imekunjwa, anakanyaga udongo wa kukandikia nyumba, kazi ambayo tangu dunia iumbwe ni ya wanawake, huku mama mmoja mfupi amesimama juu yake mikono kiunoni.

"Kanyaga! Hiyo njo miguu ao njo vijiko? Kama umechoka toka, nitaita muke wako!"

Nilishika mdomo. Mume wangu akacheka. "Huyo njo Mukandikaji," akaniambia. "Utamuzoea tu."

Sikumzoea. Niliishi naye jirani, ua kwa ua, miaka mingi, na sikumbuki mwezi hata mmoja ambao sikushtuka kwa ajili yake. Jina alikuwa nalo, ila hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia. Alizaliwa wapi na nani, hayo nawaachia wanaoyapenda. Mimi nasema nilichokiona.

Nianze na mikono. Ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, kana kwamba aliiazima kwa mtu mwingine, na kucha hazikutakata hata siku ya Idi. Kwa mikono hiyo alipaka ukuta bila kamba wala ubao, na ukuta ukatoka umenyooka. Kisha alichora kwa vidole: mwekundu wa udongo wa kilimani, mweupe wa udongo wa mtoni, mweusi wa makaa yaliyosagwa na kukorogwa kwa maji ya muhogo. Mwisho alisugua kwa kokoto mpaka ukuta ukang'aa. Na udongo aliuonja. Naapa. Alichukua donge, akalitia kinywani, akalizungusha kama anayeonja mchuzi, akatema kando na kusema, "Hii itapasuka." Kwetu mjini udongo waliula wenye mimba tu. Mara ya kwanza nilimwuliza mama mkwe kama jirani yule ana mimba kwa umri ule, na mama mkwe alicheka hadi akakaa chini.

Mdomo wake ulikuwa mbaya zaidi. Ijumaa aliketi na wanawake nyuma ya msikiti wetu mdogo, Jumapili alivaa kikwembe kilekile akaenda kanisani kijiji cha pili. Mwalimu wa Kurani alichoka, akamwita mbele za watu amwulize yuko upande gani. Akajibu, "Mwalimu, nyumba ya Mungu iko na kuta ine. Miye nakandika zote." Mwalimu alikohoa, akatafuta tasbihi yake. Nilisubiri ardhi impasukie yule mama, lakini ardhi ilikaa kimya.

Watu waliojifanya wenye hekima walipenda kumwambia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Walifikiri wanamfurahisha. Yeye aliwatazama hivi, akasema, "Basi njoo tujenge. Mudomo haukandiki kitu." Na kusifu hakujua kabisa. Mimi mwenyewe, msimu wangu wa kwanza, nilipewa ukuta wa mbele wa mama mkwe. Sikujua maua wala vyombo vya kwao, nikachora nilichokijua: treni, na moshi wake, na madirisha. Wanawake waliacha kazi, wakaja kutazama. Mukandikaji alikuja, akatazama, akainamisha kichwa huku na huku.

"Magurudumu iko ine tu?" akasema. "Itaanguka."

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizopata kwake.

Hapo ndipo nilipojifunza sheria yao. Kukandika kulifanywa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya mpunga. Mwenye nyumba siku ile haugusi udongo. Kazi yake ni kupika. Anayekandika ndiye anayechagua atachora nini, na kilichochorwa hakifutwi mpaka msimu mwingine, hata kikiwa cha kuudhi namna gani. Anayefuta anakosana na wanawake wote, na nyumba yake hakuna atakayeigusa tena. Maskini mama mkwe aliishi na treni mwaka mzima, akiwaeleza wageni kuwa mkwe wake anatoka Kindu.

Sasa niseme kilichokuwa kinamuuma, maana bila hicho mtamwona kichaa tu. Kijiji kilikuwa kinakufa. Vijana walikwenda Kalima kuchimba madini na hawakurudi. Wengine waliingia shemendefere kama baba yangu. Nyumba zilibaki na wazee, na nyumba isiyo na moshi haichelewi kuanguka. Ndipo Mzungu wa kilimo alipopita, akatembea katikati ya zile kuta zilizobomoka, akamwambia kapita kwa sauti ya wote kusikia: kijiji cha magofu hakina kazi, kitahamishiwa kando ya barabara ya Kalima pamoja na vingine, kwenye mstari mmoja, ambako ni rahisi kuhesabu watu na kuwaita kazini. Alitupa mpaka baada ya mavuno mawili. Maana yake ni kuacha makaburi, michikichi, na mabonde ya mpunga yaliyolimwa tangu babu. Kijiji cha kanisa, kile cha pili, kiliambiwa vilevile siku hiyohiyo.

Watu walilia usiku kucha. Mukandikaji asubuhi alichukua jembe, akaenda kwenye nyumba ya Wangwana.

Nyumba hiyo ilikuwa ya zamani kuliko zote. Ilijengwa wakati watu wa biashara ya pwani na wafuasi wao walipotawala huku, kabla ya Mbelgiji. Kuta zake zilikuwa nene mkono mzima, baraza pana mbele, na mlango wa mvule wa mbao mbili, umechongwa maua na samaki, na mnyororo ukizunguka fremu yote. Paa lilikuwa limeanguka. Mbuzi walilala ndani. Mlango tu ndio uliosimama, mweusi kwa moshi.

Wa kwanza kumkemea alikuwa baba mkwe wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile aliyamaliza yote.

"Nyumba zetu zinaanguka, weye unaenda kufufua ya watu walifunga babu zetu kamba ya shingo? Ile munyororo hauoni?"

"Naona," akasema. "Walilala ndani tu, Baba. Udongo nani alibeba? Mulango nani alichonga? Kama kuna mukono wa Mwarabu kwa ukuta hii, unionyeshe, nitaubomoa leo."

Baba mkwe aliondoka na hasira. Nilikuwa upande wake, sifichi. Niliona ni ukafiri kuamsha nyumba yenye laana wakati zetu zinavuja.

Lakini yule mama alikuwa na akili ambayo sisi hatukuwa nayo. Nyumba ya mtu ni ya mtu. Ukimwambia aikandike anasema kesho. Nyumba ile haikuwa ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema si yangu. Alianza peke yake. Siku ya nne akaja bibi mmoja aliyemwonea huruma, kisha watatu waliokuja kucheka, wakabaki. Alimlazimisha kapita kukanyaga udongo tena, kama mlivyoona siku ile niliyofika. Kapita akiwa ndani ya udongo, mwanamume gani atakaa barazani? Wapiga ngoma walikuja kwa sababu miguu mingi haikanyagi pamoja bila ngoma. Na palipo na ngoma wasichana hufika hata kutoka mbali, na palipo na wasichana, vijana wa Kalima hukumbuka kwamba wana mama. Mavuno ya kwanza nyumba ya Wangwana ilikuwa na paa. Barazani watu walisuka mikeka, wakauza, wakaimba, na siku ya soko ikapatikana tena. Mume wangu, aliyekuwa amekusudia kunirudisha Kindu akatafute kazi, akawa mtunzi wa nyimbo za kukandika na hakusema habari ya Kindu tena.

Na baba mkwe? Siku moja nilimkuta mbele ya ule mlango, ana kibuyu cha mafuta ya mawese na kitambaa, anaufuta moshi. Nilisimama nikamtazama mpaka akaniona. "Ni mbao tu," akasema. Toka siku ile aliupaka mafuta kila juma. Moshi ulipotoka, maua yakaonekana, na akawa anawaambia watoto hili ni yungiyungi, hili sijui nini, kana kwamba aliyachonga yeye.

Mavuno ya pili yakafika. Ile ndiyo ilikuwa hesabu ya Mzungu wa kilimo. Siku ya kwanza ya kuvuna kijiji kizima kilikuwa bondeni, mimi nikiwemo, mtoto mgongoni. Mchana tulisikia kelele. Tulipofika mbio, tukakuta polisi wa Leta na wapagazi, na ule mlango umeshang'olewa, umelazwa juu ya miti ya kubebea. Karani alisoma karatasi: mlango unakwenda Ulaya, kwenye nyumba ya kuwekea vitu vya kale.

Baba mkwe alikuwa amelala kifudifudi juu yake, ameukumbatia. Walimwambia aondoke. Hakuondoka. Walimvua shati, wakampiga fimbo pale pale juu ya mbao, mbele ya wajukuu zake, mpaka vidole vikaachia. Siwezi kueleza zaidi. Mzee yule hakupiga kelele, na sisi wote tulisimama na miundu yetu mikononi hatukufanya kitu.

Mmoja tu ndiye aliyepiga kelele. Mukandikaji alijitupa chini, akajigaragaza, akajipaka udongo mweupe usoni kama aliyefiwa na mtoto, akamlaani Bwana Mkubwa wa teritware, yaani Mbelgiji mkuu wa wilaya, na mama yake na meli itakayobeba mlango ule. Alilia siku tatu hakula. Tulimwogopa.

Siku ya nne aliinuka, na mavuno yalipokwisha akaenda kwa kapita. Ilikuwa zamu ya nyumba ya kapita kukandikwa. Akachora mlango. Mlango wote, kwa ukubwa wake, mbao mbili, samaki, maua, kila kitu mahali pake. Kapita alitoka akauona, uso ukawa rangi ya majivu. "Mama, Leta wakiona hii watanifunga!"

"Futa," akamwambia. "Futa, tuone nani atakukandikia."

Hakufuta. Nani angethubutu? Na wanawake walipouona, kila mmoja aliogopa kwamba atausahau, kwa hiyo kila mmoja akauchora kwenye ukuta wa jirani yake. Mwingine alikumbuka samaki wawili, mwingine watatu, wakagombana vibaya. Mnyororo ndio haukumpendeza mtu, basi kidogo kidogo ukageuka kuwa matembele yanayotambaa. Mume wangu akatunga wimbo wa mwizi mweupe na wa mzee aliyeukumbatia mlango. Wimbo huo ulivuka mto. Watu walikuja kuona kijiji chenye mlango kwenye kila ukuta. Waliooa kwetu wakajenga kwetu.

Na Mzungu wa kilimo hakurudi. Kijiji cha kanisa kilihamishwa. Niliwaona wakipita na milango yao ya mianzi kichwani, na mahali pao leo pana msitu. Sisi hatukuguswa. Tulisema ni kwa sababu nyumba zetu zilipendeza, tukajipongeza. Mcheza kwao hutunzwa, tulisema.

Sasa niseme habari ya mara ya mwisho.

Ilikuwa katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, mimi nina watoto wa kuoa. Mukandikaji alikuwa amekonda, hasimami, na mvua ilikuwa imemla ukuta wake wa nyuma. Wasichana walikuja kumkandikia. Walikuwa nje wamechimba shimo, wameleta udongo mzuri kutoka mtoni, wanaukanyaga na kuimba wimbo uleule. Baba mkwe, mzee sana sasa, alikuwa ameletewa kigoda akae karibu nao. Siku za kukandika alikuwa anavua shati, watoto waguse makovu ya mgongo wake. Nilimwona hivyo kila mwaka, na kila mwaka nilimwonea fahari.

Niliingia ndani kumwuliza mgonjwa anataka kuchorewa nini, ingawa sheria haikumruhusu kuchagua. Alinishika mkono.

"Ile mulango," akasema, "hawakuiba."

Nilidhani ni homa.

"Nilivuka mutoni, nikaenda Kindu kwa ofisi ya Bwana Mukubwa. Nilikaa pale siku mbili kwa ngazi. Nikamwambia, iko mulango hakuna ingine kama ile. Chukua. Lakini uandike karatasi kama kijiji yangu inabaki mahali yake. Akaandika. Alikuwa anatafuta kitu ya kutuma Ulaya. Akafurahi kama mutoto."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliketi na huyu mkeka mmoja miaka yote ile.

"Ulilia," nilimwambia. "Nilikuona kwa macho yangu. Ulijigaragaza!"

"Nililia kweli. Unafikiri kuachana na kitu kama ile ni mchezo?"

"Na Baba Mkwe? Fimbo alizopigwa?"

Hapo aliuachia mkono wangu. Nje wasichana walikuwa wamefika kwenye ubeti wa mzee na mlango.

"Niliwaambia waje siku ya kuvuna," akasema mwishowe. "Nilijua watu wote watakuwa bondeni. Kijiji yetu, siku ya kwanza ya mupunga, nani anabaki? Hata wagonjwa wanaenda. Yeye alibaki kupaka mafuta. Sikujua. Mungu anajua, sikujua, mwanangu."

Nilitamani kumtikisa. Nasema kweli: nilimtazama yule mama aliyenifundisha kazi ya mikono, nikatamani kumshika mabega nimtikise mpaka arudishe maneno yake kinywani. Mwanamume aliyemlea mume wangu alipigwa kama mwizi kwa ajili ya kitu kilichokuwa kimeshatolewa, na aliyekitoa alikuwa palepale, amejipaka udongo mweupe. Halafu nikakumbuka kijiji cha kanisa na mianzi yao kichwani. Nikakosa mahali pa kuiweka hasira yangu.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nimechoka kubeba peke yangu," akasema. "Sasa tuko wawili." Akageukia ukuta.

Nilitoka. Jua lilinipiga usoni, sikuona vizuri. Wasichana waliacha kuimba, wakanitazama. Baba mkwe alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo wazi, kitukuu mmoja ameweka kidole kwenye kovu refu. Akainua uso.

"Amesema nini, mwanangu?"

Wote walikuwa wananingoja.

"Anasema udongo huu haufai," nikajibu.

Mzee alicheka, akatikisa kichwa. "Basi muumwage," akawaambia wasichana. "Huyo njo anajua."

Wakanung'unika, wakachukua majembe. Mimi nilisimama pale nikawatazama wakiumwaga. Ulikuwa udongo mzuri kabisa, hauna kasoro hata moja.